Yule Mama wa Wimbo wa Nne

Siku binti yangu aliponiletea ile flashi dukani, nilikuwa na sare za kwaya ya vijana mezani, zote bado hazina mikono, na Jumapili inakuja mbio. Akasimama mlangoni akasema, "Mama, naomba unisikilize bila kugomba." Sasa mtu akikuanza hivyo, si ameshakugombeza tayari?

Mimi ni fundi cherehani hapa Kimandolu, na jioni ni mwalimu wa kwaya. Kabla ya kuhamia mjini nilifundisha kwaya ya kina mama kule kwetu Kikatiti, miaka mingi. Nina mdomo, nakiri. Kwaya haifundishwi kwa kubembeleza. Ukimchekea sauti ya kwanza, mwezi haujaisha anaimba anavyotaka, na sauti ya nne wamelala.

Huyu binti ndiye kitinda mimba wangu. Baba yake alitutoka binti akiwa darasa la tano, nikamsomesha kwa sindano na uzi mpaka akamaliza mambo ya misitu pale Olmotonyi. Mwezi ule alikuwa amepata barua ya kazi, mashamba ya miti huko Mafinga, pamoja na nyumba ya kukaa. Nilishatoa shukrani kanisani, mkungu wangu wa ndizi ukapigwa mnada baada ya ibada, watu wakanipa mkono mmoja mmoja. Kumbe mwenzangu barua yenyewe hajaijibu.

"Nimetengeneza albamu," akasema. "Nyimbo nane. Ya kwanza."

Miezi yote ile alipojifungia chumbani na kinanda na kompyuta, vile vitu vya masikioni vimembana kichwa, mimi nilijua anaandika maombi ya kazi. Nikamuuliza ni muziki gani. Akasema elektro-fanki, wa kuchangamka. Nikamwambia hilo mbona jina la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hakucheka.

"Wewe unakaa na watu kutwa nzima," akasema. "Wapigie, halafu andika wanachosema. Usiwaambie ni yangu, watanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wakiipenda, nabaki nijaribu mwaka mmoja. Wakiikataa, naenda Mafinga, na habari za muziki hutazisikia tena kwangu. Wenye kazi wanataka jibu kabla mwezi haujaisha."

Nitasema ukweli, maana uongo wenyewe utakuja mbele. Nilitaka waikatae. Nilitaka mtoto wangu avae mabuti ya kazi, apate mshahara, apate bima. Nikachukua daftari la zamani la nota za kwaya, nikageuza nyuma kwenye kurasa tupu, nikachomeka flashi kwenye redio ya dukani.

Jamani! Nilisubiri ubeti wa kwanza uje, haukuja. Besi inarukaruka huko chini, kinanda kinakatakata, makofi yanapigwa na sijui nani, na mwanangu anaimba maneno manne matano kisha anayarudia. Kuna wimbo mmoja anaimba "leo sina haraka" na huku wimbo wenyewe unakimbia hata sindano yangu ilishindwa kuufuata. Nikajiuliza, huyu anafurahi au ana wasiwasi? Sikupata jibu. Nilirudia wote, nikapata majibu mawili, na yote mawili hayakukaa.

Wa kwanza kumuuliza alikuwa msusi wa jirani, tunatenganishwa na ukuta wa mbao tu. "Mama, ngoma kali hii! Nani kaimba?" Nikasema sijui, nimeokota. Alikuwa anamsuka dada mmoja mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni, na yule dada akasema kwa maringo kwamba muziki huo hauna ujumbe, ni kelele za vijana. Hapo hapo msusi akamfokea, "Basi tulia kichwa, dada!" Maana kichwa kilikuwa kinakwenda na besi, na miguu chini ya kiti inapiga. Hadi anamaliza, mistari miwili ya nyuma ilikuwa imepinda. Nikakaa na kalamu hewani. Niandike alichosema mdomo au kilichosema miguu? Nikaandika mdomo. Nikaandika kwa wino.

Wa pili ni Mangi, mzee wa Kichaga anayeuza spika na nyaya upande wa pili wa barabara. Mangi hana dogo. Alisikiliza nyimbo zote amekunja mikono, halafu akatoa hukumu. "Wimbo wa tatu hauna kichwa wala miguu. Lakini ukiupiga, spika mbovu inajitaja yenyewe." Akaniomba wimbo huo mmoja tu, akaunakili. Toka siku ile mteja akija anapigiwa wimbo wa mwanangu kama mtu anavyopimwa presha. Nilimuuliza, kwa hiyo ni mzuri? Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Mzuri? Ni wa kweli." Sasa hiyo naiweka upande gani? Nikaiandika kwa penseli.

Ndiyo, nilikuwa na wino na penseli. Mabaya kwa wino, mazuri kwa penseli, na penseli yenyewe ile ya fundi, ya kuchorea kitambaa, ambayo ukiigusa inapauka. Sikupanga. Mkono ulianza wenyewe, nami nikauacha.

Sasa nije kwenye wimbo wa nne, ambao ndio ulioniharibia. Unaanza na makofi tu. Halafu anaingia mama mmoja, haimbi, anafoka. "Haya! Mmelala? Rudini! Tangu mwanzo!" Mashine imeikata sauti yake vipande, imeipandisha juu, hata ukawa hujui ni mtu mzima au bata mzinga. Kila mara wimbo ukishika kasi na ukaanza kuuzoea, huyo anaingia tena. "Tangu mwanzo!" Na kweli ngoma zinarudi mwanzo. Mara tatu! Mimi mtu mzima, nimekaa kwenye cherehani yangu, nikajikuta namjibu kwa sauti, "Ala! Hebu tuache, mama!"

Watu waligawanyika juu yake. Msusi alimpenda, akawa anawafokea wateja kwa sauti hiyo hiyo. Mangi alisema ni kama mama mkwe aliyeingia disko kutafuta viatu vyake. Lakini walionichanganya kabisa ni wa kwaya yangu. Mzee mmoja wa sauti ya nne, mkulima wa kahawa wa huku juu mlimani, alikuja kupimwa suruali. Nikampigia. Wimbo wa nne ulipofika, mabega yakaanza kumtikisika, akatoa leso akaziba mdomo.

"Vipi, mzee?"

"Huyu mama, mwalimu." Akafuta macho. "Ana mamlaka."

"Ni kelele tu," nikasema.

Akanitazama kwa muda, kisha akasema taratibu, "Kama unavyosema, mwalimu."

Siku ya pili wakaja wawili wa sauti ya pili. Yaleyale. Wakatazamana, na mmoja akatoka nje kupokea simu ambayo haikuwa imelia. Yule aliyebaki akaniambia wimbo umetulia sana, mwalimu, tena sana, na macho yake yako kwenye dari. Nikajua wanaona aibu kusikiliza mambo ya dunia mbele yangu. Walokole wa uongo, nikasema moyoni. Nikawaandika kwa wino.

Wiki ilipoisha nilihesabu. Walioipenda walikuwa wengi kidogo kuliko walioikataa, na kuna wengine sikujua niwaweke wapi. Nami nilikuwa sijijui. Nilikuwa nimeshaanza kuukata mkono wa sare kwa kufuata ile besi, na siku moja Mangi aliposahau kuwasha spika zake asubuhi niliona mtaa umepooza. Lakini kichwani nilikuwa naiona Mafinga, naona nyumba ya kazi, naona mtoto wangu hahangaiki. Kichwa kikagoma. Mwisho nikaandika maoni yangu mwenyewe chini kabisa, kwa wino, kwa herufi kubwa, kwa sababu hilo moja angalau nilikuwa na uhakika nalo. Wimbo wa nne, yule mama aondolewe. Sauti yake inakera. Anaharibu kazi ya mtoto wa watu.

Binti yangu alisoma daftari amekaa juu ya meza ya kukatia, miguu inaning'inia. Alisoma polepole mno.

"Mbona wengine wino, wengine penseli?"

"Kalamu iliisha." Huo ndio ule uongo.

Akafika mwisho.

"Hii imetoka kwa nani?"

"Kwangu mimi."

"Umemsikiliza vizuri, mama?"

"Nimemsikiliza mpaka namuota! Nani ataweza kukaa na mtu kama huyo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, maana huyu na mimi ni mafahali wawili, tangu zamani. Akalifunga daftari, akasema, "Sawa, mama." Akaomba aondoke nalo. Nikampa. Nilibaki nimeshika mkasi, sielewi kwa nini nimeshinda na bado sina raha.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kikatiti, mjukuu wa dada yangu alikuwa anapata kipaimara. Baada ya ibada tukarudi nyumbani, turubai limefungwa uani, pilau na loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, mezani, dijei kaja na spika zake na nyimbo zake zilezile za kila sherehe. Dada yangu akanung'unika kwamba dijei huyu hana jipya. Mimi flashi nilikuwa nayo kwenye pochi. Sijui nani alinituma. Nadhani nilitaka kuiona miguu ya watu wa kwetu, mara moja tu, kabla jambo halijaisha. Nikampelekea dijei.

Wakati wa zawadi ukafika. Kwetu zawadi haipelekwi kwa kutembea, inapelekwa kwa kucheza. Mnapanga mstari mlangoni mwa turubai, mnakwenda mbele, hatua mbili mbele, moja nyuma, mpaka mumfikie mtoto aliyesimama pale anasubiri. Ikawa zamu ya kina mama wa kwaya, wale wale niliowafundisha. Wa mbele ana godoro kichwani, wa pili seti ya masufuria, wengine vitenge na kuku wawili, na nyuma kabisa bibi mmoja mwenye mwavuli mpya. Dijei akabonyeza. Makofi. Nikaijua mara moja, nikainamisha kichwa kwa aibu, wimbo wa nne, katika nyimbo zote nane!

Lakini walicheza. Wakacheza vizuri sana, hata godoro likawa linapepea pande mbili. Walikuwa wamefika katikati ya turubai ndipo yule mama akaingia. "Rudini! Tangu mwanzo!"

Mstari ukasimama. Mwenye godoro akageuka. Mwenye masufuria akageuka, na vitenge, na kuku, na mwavuli, wote wakarudi hadi mlangoni bila kuulizana, wakajipanga, wakaanza upya. Mtoto amebaki na mikono mbele. Mshereheshaji anasema, "Karibuni, karibuni, mbona mnatukimbia?" Wakafika tena katikati. "Mmelala? Tangu mwanzo!" Wakageuka tena. Wageni wa mjini wakadhani ndiyo mila ya huku, wakapiga makofi.

Mara ya tatu sikuvumilia. Nikainuka, nikawafuata palepale mlangoni. "Jamani, mnarudi rudi nini? Mtoto anasubiri!"

Mwenye masufuria akanitazama, jasho linamtoka. "Si wewe umesema tangu mwanzo?"

"Mimi? Mimi nimekaa kule, sijafungua mdomo!"

Wakatazamana. Halafu wakatazama spika. Nikaanza kusikia kicheko nyuma yangu, ni dada yangu, anacheka hadi ameshika nguzo ya turubai. "Nyani haoni kundule," akasema, "na wewe mdomo wako husikii. Huyo ni wewe! Miaka yote hiyo umewarudisha mwanzo, leo wasirudi?"

"Miguu imetii yenyewe, mwalimu," mwenye godoro akasema, kama anaomba radhi.

Nikarudi kukaa. Dijei aliurudia wimbo, maana watu walidai, na safari hii nikasikiliza. Ni mimi. Ni mimi mtupu, na ile Haya yangu ya kukwaruza, na yale makofi ni ya viganja vyangu, nilivyovipiga jioni ngapi mbele ya watu waliochoka. Yule mzee wa kahawa alijua. Wa sauti ya pili walijua. Waliniogopa tu, wakanyamaza. Na mtoto wangu aliniuliza kabisa kama nimemsikiliza vizuri. Nilisikia uso unawaka hata masikio.

Nikaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba, nikampigia simu.

"Ulinirekodi lini?"

"Nilipokuja likizo kutoka chuoni. Mlikuwa na mazoezi ya Pasaka."

"Kwa nini usiniambie?"

"Nilitaka ujisikie mwenyewe. Nilidhani utacheka."

Kuku wa zawadi walikuwa wanalia huko mbele.

"Ule ndio wimbo nilioanza nao, mama," akaendelea. "Mapigo yote niliyatoa kwenye makofi yako. Zile saba nyingine nilizishona pembeni yake."

"Basi mrudishe. Nimekosea. Mrudishe huyo mama."

"Nilishamfuta. Siku ileile, nikiwa na hasira. Nikafuta mpaka mazoezi yenyewe."

"Na barua?"

"Nimeijibu Ijumaa. Nakwenda."

"Lakini walioipenda ni wengi! Mimi ndiye niliyeandika kwa penseli, wengi waliipenda!"

"Najua, nilihesabu," akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko angefoka. "Watu sikuwajali sana, mama. Nilisoma ule mstari wa mwisho."

Nilikimbia kwa dijei kufuata flashi, nguo ya kitenge nimeishika juu magotini mbele ya wageni. Akanipa huku anatabasamu. Alikuwa ameshaifuta, amenijazia nyimbo za harusi ya Jumamosi, alidhani ananifadhili. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, na maskini hakuwa na kosa. Kesho yake nikaenda kwa Mangi. Yeye alikuwa na wimbo wa tatu tu, ule wa kupimia spika.

Mwanangu akaenda Mafinga. Albamu ameiweka mtandaoni, ina nyimbo saba. Msusi ananisomea yanayoandikwa kwenye simu yake. Mmoja anasema inampa raha akiosha vyombo, mwingine anasema haelewi inaanzia wapi, na yupo mmoja anayelalamika kwamba inafika katikati inakuwa kama kuna kitu kimekosekana. Huyo nilimwambia msusi anisomee mara mbili. Kanisani watu wananipongeza kwa kazi ya binti. Nasema asante, na sijui ninashukuru nini. Nilichokitaka nimekipata chote, na nyumbani kinanda kiko chini ya kitanda chake, nimekifunika kitenge kisishike vumbi.

Wiki iliyopita, saa nane mchana, nilivuka barabara nikamwomba Mangi azime spika zake dakika tano. Akashangaa, lakini akazima. Nikamwambia na msusi azime mashine ya kukaushia nywele. Nikafunga mlango wa duka, nikaweka simu juu ya cherehani irekodi, nikapiga makofi, nikasema maneno yangu. Haya. Mmelala. Rudini. Tangu mwanzo. Nikamtumia binti yangu, na moyo unanidunda kama msichana wa shule aliyeandika barua.

Jibu lake, la sauti vilevile, halikukawia, alikuwa kwenye mapumziko ya kazi. Nasikia na upepo wa miti nyuma yake. "Mama, huyu siye. Huyu ni mtu anayeomba msamaha. Wimbo unamtaka yule aliyekasirika." Halafu ikaja sauti yake imekwaruza, ameitoa kifuani, ni Haya yangu ileile. "Haya! Tena! Tangu mwanzo!"

Nilicheka na machozi yakanitoka, vyote kwa pamoja. Ng'ambo Mangi alikuwa anaita, "Mama, niwashe?" Nikamfokea asubiri. Nikatoka kwenye cherehani, nikarudi hadi mlangoni kama wale kina mama wa Kikatiti, nikajifuta uso na upindo wa kitenge, nikainua viganja.